Barua ya wazi kwa Kamati ya Utendaji: gari la 1924 lisikaguliwe kwa fomu ya gari la 1974

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Utendaji,
Chama chetu cha wenye magari ya kale,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe,

MINT: FOMU YA UKAGUZI, NJIA YA MSAFARA NA STOO YA MITAMBO YA MAGARI YA KABLA YA VITA VYA PILI VYA DUNIA

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wanachama wenye magari yaliyotoka kiwandani kabla ya 1940: Ford Model T na Model A, Austin Seven, Chevrolet za silinda sita na mengine machache. Tumewaandikia barua tatu za faragha na kuomba kikao mara mbili. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Nyingine hazikujibiwa kabisa. Sasa msafara mwingine umetangazwa kwa fomu ileile na njia ileile, ndiyo maana tunasema mbele ya wanachama wote.

Malalamiko yetu yana matawi mengi lakini shina lake ni moja. Kanuni mnazotumia ziliandikwa kwa magari ya miaka ya 1960 hadi 1980. Kwa Peugeot 404 au Datsun ni kanuni nzuri, na hatuzipingi. Zikitumika kwa gari la 1924 zinaliharibu, na pengine zinamhatarisha anayeliendesha na walio karibu naye. Tutaeleza kwa undani, kwa sababu tunaamini wengi wenu hamjapata nafasi ya kulala chini ya magari haya.

1. Upepo wa matairi

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo la haraka zaidi. Fomu inadai kila tairi liwe na upepo wa psi 32 (paundi kwa inchi ya mraba). Katika ukaguzi uliopita wasaidizi walisimama langoni na geji, wakapunguza upepo wa kila tairi lililozidi kipimo hicho.

Matairi ya Model T ya ukubwa wa 30 kwa 3½ hayana waya wa chuma ukingoni. Ukingo wake ni kama ndoano ya mpira inayojipachika ndani ya rimu, na kinachoushikilia pale ni upepo peke yake. Tairi hilo linataka psi 55 hadi 60. Likiachwa na 32 linateleza taratibu juu ya rimu, linavuta tyubu hadi shina la valvu linakatika, na kwenye kona kali linaweza kuchomoka zima zima. Hata Model A yenye matairi ya 4.75-19, ambayo yana waya, inataka 35. Hakuna namba moja inayofaa magari yote, na msaidizi asiyejua tairi aliloshika asiliguse.

2. Breki

Fomu inasema gari lisilo na breki za majimaji "lishauriwe kubadilishwa", na lisipobadilishwa ndani ya mwaka halitaruhusiwa kwenye msafara. Kampuni ya Ford yenyewe haikuweka breki za majimaji katika magari yake hadi 1939. Kwa sentensi hiyo moja mmeondoa kila Ford ya kabla ya hapo, pamoja na Austin Seven zinazotumia nyaya na fito.

Breki za fito zikitunzwa zinasimamisha gari. Kinachoziua ni uzembe, na mkaguzi anayejua kazi anaugundua kwa nusu saa. Kati ya kanyagio na magurudumu ya Model A kuna pini na vishikio vingi. Ulegevu mdogo katika kila pini hujumlishwa, mwisho wake kanyagio linagusa sakafu kabla breki hazijashika. Kwa hiyo kwanza gari linyanyuliwe magurudumu yote manne na kukaa juu ya stendi, si juu ya jeki. Kila ufito uvutwe kwa mkono na kila pini iliyolika ibadilishwe. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukereza anazichonga asubuhi moja. Kisha drami, yaani ngoma ambazo breki hubana ndani yake, zitazamwe. Za asili ni za bati lililokandamizwa, nazo zikipata moto hutanuka na kuikimbia breki. Drami za chuma cha kalibu zinaondoa tatizo hilo bila kubadili umbo la gari, na siku mtu akitaka anaweza kurudisha za asili. Baada ya hapo ndipo breki zirekebishwe gurudumu moja moja, za nyuma zikishika mapema kidogo kuliko za mbele. Mwisho gari lijaribiwe kwenye barabara ya murram, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na mkaguzi asome alama chini. Alama za nyuma zitangulie, na gari lisivute upande.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizi katika fomu yenu. Iliyopo ni kisanduku kimoja: "majimaji: ndiyo / hapana".

Kwa Model T suala ni jingine kabisa, na hapa ndipo fomu inapotisha. Kanyagio la breki la gari hilo halifiki magurudumuni. Linabana bendi ndani ya giaboksi, na nguvu hiyo hupita kwenye shafti na difu ndipo izuie magurudumu ya nyuma. Kitu chochote kikikatika katikati, gari halina breki ya mguu. Ndani ya ekseli ya nyuma ya asili kuna washa za babiti, metali laini ya beringi, zinazozuia gia kubwa isisogee. Babiti ya miaka mia moja hupasuka na kuvunjika vipande. Washa zikishaisha, gia kubwa inajitenga na gia ndogo, na dereva anakanyaga breki huku gari likizidi kwenda. Tiba inajulikana duniani kote: ekseli ifunguliwe na washa za babiti zibadilishwe kwa za shaba nyeusi. Swali la kwanza ambalo mkaguzi anapaswa kumuuliza mwenye Model T ni kama ekseli yake imekwisha kufanyiwa kazi hiyo, na ushahidi uko wapi. Fomu haiulizi. Inauliza kama kuna mkanda wa kiti.

Tunakubali kwamba Model T inayotoka barabarani leo inahitaji breki ya ziada. Zipo breki za nje za magurudumu ya nyuma, aina ya Rocky Mountain, zilizouzwa kama vifaa vya kuongeza enzi za gari lenyewe. Zinafungwa kwa bolti bila kukata chesi. Kamati ikidai hizo kwa kila Model T inayokwenda safari ndefu, sisi tutakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Na kwa anayedhani majimaji ni jibu la kila kitu: mengi ya magari haya hutoka mara nne au tano kwa mwaka. Majimaji ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Gari likikaa miezi mitatu bila kuguswa, silinda zinaanza kushika kutu ndani, na siku ya msafara kanyagio linashuka taratibu chini ya mguu. Ufito wa chuma hauna ugonjwa huo.

3. Njia ya msafara

Msafara umepangwa kushuka mteremko wa Mai Mahiu kwenda Naivasha, na kurudi njia hiyohiyo, mwendo usiopungua kilomita 80 kwa saa "ili tusizuie wengine".

Ukilinda injini, Model A husafiri vizuri kwa kilomita 65 hadi 70 kwa saa. Model T ni 50, ikizidi sana 55. Injini yake ya lita 2.9 yenye nguvu farasi 20 ilipimwa hivyo mahali pa chini. Huku juu ambako hewa ni nyembamba, hazibaki 20. Anayelazimishwa kufika 80 anazungusha kranki, shafti kuu ya injini, kupita kiasi ambacho beringi zake zinaweza kuhimili, na beringi ya babiti ikiyeyuka hakuna ya kununua njiani.

Mteremko wenyewe mnaujua. Ulichongwa na wafungwa wa vita Waitaliano, na kikanisa chao kidogo kingali pale chini. Leo ndiyo njia ya malori mazito. Gari la kabla ya vita hushuka kwa gia, na gia huchaguliwa kabla mteremko haujaanza. Giaboksi ya Model A haina kifaa cha kulinganisha kasi za gia. Dereva akichelewa, akajaribu kuingiza ya pili katikati ya mteremko na akaikosa, amebaki huru bila gia, nyuma yake lori la tani 30. Kushuka kwa gia ya pili maana yake ni kilomita 30 hivi kwa saa. Kanuni ya 80 na mteremko wa Mai Mahiu haviwezi kutimizwa na gari moja kwa siku moja.

Kurudi ni kubaya zaidi, kwa sababu ya maji. Rejeta za magari haya hazina mfuniko wa kuzuia presha. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, yanachemka kwa 92 au 93. Gari la kisasa halijali, kwa kuwa mfuniko wake wa presha unapandisha kiwango hicho. Model T haina hata pampu ya maji: maji moto hupanda yenyewe, yaliyopoa hushuka, na mzunguko huo unategemea kiwango cha maji kuwa juu ya mdomo wa hosi ya juu. Yakianza kutokota hutemwa nje kupitia bomba la ziada, kiwango kinashuka chini ya hosi, na mzunguko unakatika papo hapo. Sasa mweke dereva huyo akipanda kwa gia ndogo nyuma ya lori, injini inazunguka haraka, upepo wa kupoza hakuna, na mguu wake wa kushoto umekandamiza pedali kilomita baada ya kilomita, maana kwenye Model T gia ndogo hushikwa kwa mguu. Mguu ukichoka bendi inateleza, ikiteleza inaungua.

Injini ikichemka, dereva anahitaji mahali salama pa kusimama, gari likielekea upepo, na nusu saa ya subira ndipo aongeze maji kidogo kidogo. Akimwaga maji baridi kwenye chuma kilichoiva, bloku inapasuka. Ratiba yenu haina kituo hata kimoja cha maji, na anayechelewa zaidi ya dakika 15 anahesabiwa amejitoa. Mmewaweka watu mahali ambapo kufuata ratiba ni kuvunja injini.

Njia mbadala ipo, na tuliiambatisha kwenye barua ya pili: kutoka mjini kupitia Ruaka, Banana na Tigoni hadi Limuru, katikati ya mashamba ya chai. Haifiki kilomita 40, inapanda taratibu, malori ni machache, na pa kusimama papo. Magari ya miaka ya 1970 yanaweza kuendelea Naivasha kutoka hapo. Yetu yatapumzika, yatapoa na kurudi.

4. Umeme na petroli

Fomu inapendekeza volti 12 na pampu ya umeme ya petroli "kwa uhakika". Hili la pampu ni hatari ya moto. Petroli ya Model T na Model A hushuka kwa uzito wake kutoka tangi hadi kwenye kabureta. Presha yake haifiki hata psi 1. Pampu za kawaida za dukani husukuma 4 hadi 7. Sindano ndogo ya kabureta haiwezi kuzuia nguvu hiyo: kabureta inafurika, na petroli inadondoka karibu na manifoldi ya moshi. Kama Model T inakosa petroli mlimani, chanzo karibu kila mara ni tangi lililo chini ya kiti kuwa karibu tupu, au kifuniko chake kuziba tundu la hewa. Dawa ni kujaza tangi kabla ya kupanda na kuzibua tundu.

Volti 6 nazo zinalaumiwa bure. Umeme wa volti 6 unahitaji ampia mara mbili kwa kazi ileile, hivyo waya wa betri uwe mnene, milimita za mraba 50 au zaidi. Mafundi wengi hufunga waya wa gari la volti 12, stata inazunguka kwa uvivu, kisha gari linaambiwa ni bovu. Badilisheni waya, kwaruzeni rangi pale unapofungwa kwenye chesi, na stata itazunguka ipasavyo. Mkaguzi ajue pia kwamba Model A hufunga chanya kwenye chesi. Kuna betri iliyogeuzwa langoni na msaidizi aliyedhani anarekebisha kosa.

Vivyo hivyo kwa oili. Model T haina kijiti cha kupimia. Ina vibomba viwili nyuma chini ya injini: cha juu kikitoa, oili imejaa, cha chini kisipotoa, usiwashe. Gari lisikataliwe kwa kukosa kijiti ambacho halikuzaliwa nacho.

5. Stoo ya mitambo

Hili linatuuma kuliko yote, kwa sababu hasara yake hairudi. Stoo ya chama ilikuwa na jigi (kishikio maalumu) ya kumiminia babiti, mashine ya kuchonga beringi tatu za kranki zikiwa mstari mmoja, seti za rima za kusawazisha matundu, na spana za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Chumba sasa kimejaa mahema na viti vya maonyesho. Mitambo iko nje chini ya turubai, na mvua za masika haziko mbali.

Vitu hivyo huvipati kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road wala soko la Gikomba. Beringi za injini hizi hazinunuliwi kwenye boksi. Humiminwa ndani ya bloku yenyewe. Chuma husafishwa hadi king'ae, hupakwa bati jembamba ili babiti ishike, kisha bloku na kalibu hupashwa moto. Kupasha huko kunafukuza unyevu, maana tone moja la maji chini ya metali iliyoyeyuka linairusha usoni mwa fundi. Babiti nayo ni bati kwa sehemu kubwa, pamoja na antimoni na shaba. Fundi huipima kwa kijiti cha msonobari: kikigeuka rangi ya kahawia bila kuwaka, imefika. Ikiwa baridi haishiki na inaacha mapengo, ikiwa moto kupita kiasi bati linaungua. Humiminwa mara moja bila kusita. Ikishapoa ndipo mashine ya mstari inapochonga, na shimu, yaani vibati vya kurekebisha nafasi, nyembamba za inchi 0.002 zinapangwa hadi nafasi kati ya kranki na beringi ibaki inchi 0.001 hadi 0.0015. Mashine ikishika kutu kwenye shafti yake ya kuchongea, kipimo hicho hakipatikani tena.

Mafundi wanaojua kazi hii ni wazee, na wanahesabika. Vijana wa kujifunza wapo. Kilichokosekana ni chumba, mtambo na posho ndogo ya mwalimu.

6. Madaraja ya mashindano

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, huyagawa kwa umri: hadi 1904, 1905 hadi 1918, 1919 hadi 1930, 1931 hadi 1945, na kuendelea. Ninyi mmeweka gari la 1927 na la 1979 daraja moja, kisha pointi zikatolewa kwa rangi mpya na kromu. Mkataba wa Turin wa FIVA wa 2012 unahimiza kuhifadhi kilicho asili na kufanya mabadiliko yanayoweza kuondolewa. Baadhi ya chesi zilizoshuka Mombasa enzi zile zilijengewa bodi za mbao hapa hapa na mafundi wa hapa. Hakuna kiwanda popote kitakachouza bodi nyingine kama hiyo. Kuipunguzia pointi kwa sababu mbao zake zina alama za randa ni kumwambia mwenyewe aing'oe.

Tunajua mtakayosema. Mtasema ni usalama. Nasi tunadai usalama, tena mkali kuliko wenu: ekseli ifunguliwe, pini zipimwe, breki zijaribiwe kwenye murram. Mtasema kampuni ya bima inataka fomu moja. Tumeisoma sera ya bima mliyotugawia: inataka ukaguzi wa maandishi uliotiwa sahihi na mtu mwenye ujuzi. Haisemi fomu iwe moja. Mtasema sisi ni wachache na stoo inakula nafasi. Ni kweli ni wachache. Lakini mabango yenu ya kila mwaka yana picha za magari yetu mbele, na wafadhili huombwa fedha kwa jina la magari yetu.

Kwa hiyo tunaomba haya:

Kwanza, kanuni ya psi 32 ifutwe leo, na msaidizi yeyote asiguse upepo, betri wala kabureta ya gari bila ruhusa ya mwenyewe.

Pili, fomu tofauti ya magari ya kabla ya 1940 ipitishwe. Rasimu ya kurasa nne tumeiandaa na tumewakabidhi. Ukaguzi ufanywe wiki mbili kabla ya msafara, gereji, wala si langoni asubuhi ya safari.

Tatu, msafara wa magari yetu upite Tigoni, mwendo wa juu uwe kilomita 50 kwa saa, kuwe na kituo cha maji kila kilomita 15, na lori la kubebea magari lifuate nyuma. Kuvuta kwa kamba kusiruhusiwe.

Nne, mitambo irudishwe ndani, isafishwe na kupakwa grisi kabla ya masika. Tuko tayari kuja Jumamosi yoyote na mafuta ya taa, brashi na mikono yetu. Tunachohitaji ni ufunguo.

Tano, fungu dogo litengwe la kuwalipa mafundi wawili wazee wafundishe vijana wanne kumimina babiti na kurekebisha breki za fito.

Sita, mashindano yafuate madaraja ya umri.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21, na ajenda hii iwekwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Hadi maombi matatu ya kwanza yapate jibu, magari yetu hayatashiriki msafara uliotangazwa. Ada zetu tumelipa, na tutaendelea kulipa.

Wenu katika chama,

Wanachama wenye magari ya kabla ya 1940
(sahihi zimeambatishwa kwenye nakala iliyokabidhiwa kwa Katibu)